Mwalimu Aliyepima Usingizi wa Panya

Niseme mapema tusije tukalaumiana: Mwalimu sikumpenda. Na sababu yenyewe ni ya kijinga, kwamba watu wengine wote walimpenda. Mke wangu alimpenda. Mbuzi wa majirani walimfuata njiani kama wamemzaa. Na baba yangu mzazi, mtu ambaye sikumbuki kumwona akifurahia kiumbe chenye miguu miwili, alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Haki ya Mungu, sidhani kama baba alijua kuna mashindano. Mimi nilikuwa nashindana tangu kidato cha pili, peke yangu, na bado nilikuwa wa mwisho.

Jina lake silitaji kwa sababu hata yeye hakulitumia. Huku Rondo ukisema Mwalimu tu, walimu wengine kumi wanajua hawakuitwa wao. Alitoka pwani, Kilwa, akaletwa kufundisha baiolojia kwenye sekondari yetu ya kata. Akasema atakaa miaka miwili, ahamishwe. Akakaa mpaka akazeekea hapa na mikorosho yake mwenyewe.

Alikuwa mwembamba, kofia ya vitobo kichwani, shati la mikono mirefu hata jua la Oktoba. Mfukoni kalamu mbili. Moja iliandika, nyingine ilikufa zamani. Ukimwomba kalamu alikupa ile mfu, ukahangaika nayo, ukarudisha mwenyewe bila kukumbushwa. "Kalamu nzima hairudi," alisema, "mbovu hairudi tu, inarudi mbio." Mtu huyohuyo angekupa shati lake, angekupa mhogo wa mwisho sufuriani. Kalamu hapana. Nilifurahi sana nilipogundua uchoyo huo. Nikautangaza kijiji kizima, nikitegemea watamchukia kidogo. Wakazidi kumpenda. Wakaanza kutembea na kalamu mbovu.

Sasa nieleze jambo la panya, maana bila panya Mwalimu ni mtu wa kawaida tu.

Sisi watu wa huku juu tunakula panya wa shamba. Tunawaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, na anayecheka acheke, hajaonja. Kati yao wako wadogo wanene ambao wazee huwathamini kuliko wote. Mvua zikielekea kuisha, mwezi wa nne na wa tano, hao hula mbegu na karanga usiku kucha mpaka shingo inapotea. Kipupwe kikiingia, wanajifukia chini, kila mmoja kwenye kitanda chake cha nyasi, wanalala. Ukimchimbua wakati huo hakimbii. Unamwokota kama kiazi. Na ukimbanika, mafuta yanachuruzika mpaka moto unalalamika.

Baba alikuwa mchimbaji wao mkubwa. Katika wachimbaji kuna adabu zake. Ukiona shimo lenye panya kabla hajanenepa vya kutosha, unafunga fundo la nyasi mdomoni pa shimo, na kila mtu ana fundo lake. La baba lilikuwa na mizunguko miwili na mkia uliolazwa upande wa mashariki. Ukikuta fundo la mtu, unapita. Na mashimo mazuri, yale ya ukoo wa panya wanaorudi mwaka hadi mwaka, mzee humwonyesha mtu mmoja tu kabla hajafa. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza na wa pekee wa kiume. Nikakaa kusubiri kuonyeshwa.

Neno lenyewe ni hilo, nikakaa. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, kisha nikanunuliwa cherehani, na tangu hapo ulimwengu wangu ni kibaraza, uzi na mkasi. Mke wangu husema, "Baba Fide, wewe kama si haja ndogo hata choo usingekijua kilipo." Baba naye alisema kwa kifupi zaidi. Nilipomwomba anionyeshe mashimo, alinitazama miguu. "Nitakuonyesha vipi? Nikuletee shamba hapo kwenye kibaraza?"

Aliyewakutanisha yeye na Mwalimu ni nani? Ni mimi.

Siku moja darasani Mwalimu aliuliza, "Nani anajua mnyama wa hapa Rondo anayelala miezi minne bila kula?" Darasa zima likanigeukia. Nilikuwa nimeegemea ukuta, jicho moja limeshafunga. Mwalimu akanitazama kwa makini, kama anayekadiria kilo.

"Siye," akasema. "Mnyama wetu hunenepa kwanza ndipo alale. Huyu ameanza mwishoni."

Walicheka wiki nzima. Mimi kwa kutaka kulipiza nikainua mkono nikasema mnyama huyo namjua, na baba yangu ndiye bingwa wa kumchimba kutoka hapa mpaka Lindi. Nilidhani nimejipatia heshima. Jioni yake Mwalimu alikuwa nyumbani kwetu, amekaa kwenye kigoda changu, anamsikiliza baba.

Baba alizungumza siku ile maneno mengi kuliko aliyonipa mimi tangu nizaliwe.

Kilichomfurahisha baba ni kwamba Mwalimu hali panya. Mtu wa Kilwa, Mwislamu wa swala tano, angeanzia wapi? Watani walimjaribu miaka yote. "Mwalimu, nyama waachie wenyewe, onja mchuzi tu." Naye hajibu haraka, anapangusa miwani. "Mchuzi nao una miguu minne." Basi vicheko. Baba akapata hesabu yake: mtu asiyekula ndiye wa kumwonyesha, kwa kuwa hatamaliza. Mimi nilikuwa najulikana kwa kula. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza, kipupwe, baba aliamka asubuhi, akapita mbele ya mlango wangu na jembe, akaenda kumgongea mtu wa pwani.

Unaweza kuuliza Mwalimu alitaka nini kwa panya asiyemla. Alitaka kumpima.

Mizani aliitengeneza mwenyewe: rula ya mbao, uzi, vifuniko viwili vya kopo la siagi. Mawe ya mizani yalikuwa betri ndogo za redio na punje za mahindi. Mwezi wa tano panya wa kwanza alivuta betri mbili na punje kumi na moja. Akaandika. Akamrudisha kwenye kitanda chake, akafukia, akachomeka kijiti chenye namba, na baba akafunga fundo lake juu kumlindia. Mwezi uliofuata wakamfukua tena, wakampima, wakamfukia. Mpaka mvua za kwanza zinapokaribia, panya yuleyule hafikishi betri moja na nusu, ngozi imemlegea kama shati la kuazima. Kisha ardhi ikilowana anaamka, anatoka, anaanza tena kula.

Mambo hayo aliyasimulia kibarazani kwangu, na mimi nilikuwa nasimamisha mguu wa cherehani ili nisikie, halafu nikigunduliwa najifanya uzi umekatika. Alisema mnyama yule akilala moyo wake hupiga kwa mbali sana, na mwili hupoa mpaka unalingana na udongo aliolalia. Alisema ukimweka sikioni utasikia pumzi moja, kisha kimya kirefu cha kukutia hofu, kisha nyingine. "Hajafa," alisema. "Amepunguza matumizi." Mwili kwake ulikuwa jiko. Kuni zikiwa chache, mwenye akili hupunguza moto, na mpumbavu huuzima au huuchochea. Mke wangu aliipenda sana hiyo, akaanza kuisema kama yeye ndiye aliyeitunga, hasa nikiomba chai ya pili.

Mimi nilitafuta mahali pa kumshika, nikapata. Yeye mwenyewe alikuwa amesema kwamba panya akiamshwa katikati ya usingizi, hutetemeka mwili mzima kujipasha moto, na kutetemeka huko kunakula mafuta ya siku nyingi.

"Sasa Mwalimu," nikamwambia, "wewe unawaamsha kila mwezi uwapime. Si unawala hivyo, ila hutumii mdomo?"

Nilidhani atakasirika. Akavaa kofia, akaondoka. Siku ya pili akarudi makusudi kutoka kwake mpaka kwangu. "Umesema kweli," akasema. "Nimeandika. Nimeandika kwamba ni wewe uliyesema." Mtu wa namna hiyo unamchukia vipi? Nilimchukia hivyohivyo, lakini ilinigharimu.

Na alikuwa na vituko vyake. Mtu aliyeweka panya sikioni alimwogopa mjusi, akimwona ukutani anatoka nje kwa sauti ya kujikohoza, kama amekumbuka kazi. Alifundisha kuchemsha maji ya kunywa, mwenyewe akanywa ya mtungi kwa sababu ya ladha. Alituambia mwenye elimu haoni haya kuuliza, lakini mtu akimwuliza njia ya mahali asipopajua alimwelekeza kwa mkono wote, kwa uhakika, upande wowote. Mhubiri mmoja aliyekuwa akienda Sudi alielekezwa naye, akalala kwetu siku mbili.

Kila jioni ya kipupwe walikaa yeye na baba, vichwa karibu. Baba akicheka. Baba! Nilikuwa sijajua kwamba alikuwa na pengo la jino upande wa kulia, kwa kuwa mimi hajawahi kunichekea mpaka likaonekana.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Ulikuwa mwaka wa nne au wa tano wa kupima. Baba alikuwa anaumwa kifua, anakaa ndani. Nikasema moyoni, leo nitamwonyesha kwamba na mimi naweza. Nikachukua jembe. Mke wangu aliponiona natoka uani na jembe alimwita jirani aje ashuhudie. Nikafika shambani, na kwa bahati, au kwa laana, nikakuta mafundo ya nyasi: mizunguko miwili, mkia umelazwa mashariki. Fundo la baba. Pembeni kulikuwa na vijiti vyenye namba. Niliviona, sitadanganya. Lakini nilijiambia hivi: fundo ni la baba, cha baba ni changu, vijiti ni mambo ya shule. Nikachimba. Mashimo manne. Nikaokota wanne, wa baridi, wazito mkononi, macho yamefumbwa kama watoto wachanga. Nilisita kidogo kwa wa kwanza. Wa pili sikusita.

Nikawababua manyoya, nikawachoma kwenye kijiti, nikampelekea baba kitandani kwa ugali. Nikamwambia nimewachimba mwenyewe, mashimo nimeyaona mwenyewe. Baba akala. Alikula taratibu sana, akamgeuzageuza mmoja, akamtazama kichwa, akaendelea. Akamaliza, akajilamba vidole, akasema, "Leo nimekula jasho la mwanangu."

Sijawahi kusifiwa na baba kabla ya siku ile wala baada yake. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko nikalia kama mjinga, na mke wangu kwa mara ya kwanza hakunitania.

Mwalimu alipokwenda shambani mwezi ule alikuta mashimo yamefunuka. Nilisubiri aje kunishtaki. Hakuja. Alipita kibarazani kama kawaida, akanisalimu, akaniletea suruali ya kupunguza kiuno. Nikajua hajajua. Nikampunguzia kiuno bure, tena kwa furaha ya mwizi. Lakini upimaji ukakoma. Mizani sikuiona tena. Nao wakawa wanakwenda mahali pengine, yeye na baba, asubuhi za kipupwe, mikono mitupu, bila jembe. Wanarudi jua limepanda, wametulia, nguo zina umande. Nikiuliza, baba anasema, "Tulikuwa tunatembea." Miaka mingi sana wakitembea. Mimi sikuonyeshwa kitu.

Baba alikufa mwaka juzi. Watu walipofika msibani walipita mbele yangu, mfiwa, wakaenda kumshika mkono Mwalimu. "Pole, Mwalimu. Pole sana, umeondokewa." Na yeye alikuwa analia kweli, kofia mkononi. Sijui kama umewahi kuona wivu msibani, kwenye jeneza la baba yako. Nakwambia mimi, upo, na unakaa vizuri tu pamoja na huzuni, kila mmoja na kigoda chake.

Tangu siku ile sikukanyaga kwake. Kati ya nyumba zetu kuna mikorosho mitatu na banda la kuku. Miaka miwili sikuivuka.

Mwezi wa sita huu, mke wangu alirudi kutoka kisimani. "Mwalimu anahama. Anarudi Kilwa kwa dada yake, macho yanamsumbua. Gari ni kesho."

"Safari njema," nikasema, nikaendelea kushona.

Akachomoa kitambaa kwenye cherehani, na sindano iko chini. "Baba Fide, nenda kamuage. Huyo ni mtu wa baba yako."

"Ndiyo maana siendi."

"Ndiyo maana unakwenda."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya godoro lililofungwa kwa kamba, nyumba tupu, inaitikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu. Viti vimeshafungwa, kaa kwenye debe."

Nikakaa kwenye debe. Tukasifia hali ya hewa mpaka ikaisha. Kisha nikaona mtu anaondoka, baba ameondoka, na mimi nimebaki na kitu kooni. Nikakitema.

"Mwalimu, wale panya wanne. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kesho yake. Mzee alikuja mwenyewe, kifua kinambana, anapumzika kila mkorosho." Alipangusa miwani. "Nilikuwa nawakata pengo dogo sikioni, niwatofautishe. Alipokuwa anakula aliliona. Akaniambia, 'Mwalimu, mwanangu amekula wanafunzi wako wanne, na mimi nimemsaidia kuwamaliza.'"

Nilitazama sakafu. Kwa hiyo baba alijua wakati anajilamba vidole. Alijua wakati anasema jasho la mwanangu.

"Nikamwambia yamekwisha," akaendelea. "Akakataa. Akasema huku kwenu aliyekula shimo la mwenzake hulipa shimo. Akanipeleka mahali ambapo hajampeleka mtu. Penye wale wazuri, wa ukoo. Akanipa sharti moja, nisichimbe wala nisipime. Kwa vile ulivyosema wewe, kwamba kupima ni kula."

Nilichosubiri maisha yangu yote, nilikuwa nimekinunua mimi mwenyewe kwa jembe langu, nikampa yeye. Tena pamoja na sharti lililotoka mdomoni mwangu.

"Sasa mlikuwa mnafanya nini huko, kama hamchimbi?"

"Tunakaa."

"Miaka yote hiyo mnakaa? Na panya wamelala?"

"Wao wanalala chini, sisi tumekaa juu. Mzee anazungumza."

"Anazungumza nini?" Nikajisikia sauti inanitoka nyembamba, ya kidato cha pili.

Mwalimu alifikiri. Mtu mwingine angenihurumia, angetunga jambo. Yeye alikuwa mtu wa kuandika alichokiona. "Mvua. Bei ya ufuta. Meno yake. Wewe alikutaja mara moja. Alisema unakaza vizuri vifungo."

"Vifungo?"

"Alisema hajawahi kupoteza kifungo ulichokishona wewe."

Nikacheka. Naye akacheka. Kisha nikanyamaza kabla yake, maana kicheko changu kilikuwa kinageuka.

"Gari langu ni saa nne," akasema. "Alfajiri natoka kwenda kuwaaga. Macho haya sitawaona, lakini mahali napajua kwa miguu. Twende wote, nikuonyeshe."

Nionyeshwe shamba la baba yangu mwenyewe, na mtu wa Kilwa, tena asiyekula! Nilisimama. Nikakung'uta suruali, nikamtakia safari njema, nikatembea kwa heshima zangu zote mpaka mlangoni. Pale mlangoni miguu ikakataa. Nikageuka nikamwuliza kama nije na jembe.

"Jembe la nini?" akasema Mwalimu. "Njoo na koti. Kule kuna baridi, na mzee alikuwa anakaa muda mrefu."